Rejesho la Jimbo na Kibanda cha Barafuni

Jumanne, 28 Januari

Barua imekuja. Nilijua itakuja. Kila Januari huja, na bado nilijipa moyo kwamba mwaka huu jimbo litanisahau.

Bahati nzuri nilifika kwenye sanduku la barua kabla ya Marlys. Wiki mbili sasa nafika kabla yake. Nimemwambia kwamba daktari kanishauri nitembee. Kutoka mlangoni hadi sandukuni ni hatua kumi na nne, lakini matembezi ni matembezi. Marlys kasema amefurahi kuona najali moyo wangu. Mke mwema sana. Ndiyo maana huniuma kumdanganya. Huniuma kila siku, hasa kabla ya kifungua kinywa.

Karatasi yenyewe ni moja tu. Inasema mwaka jana jimbo lilinirudishia dola 912, kodi niliyokatwa kupita kiasi. Kweli tupu. Ziliingia tarehe 2 Mei. Marlys hajui. Anaamini jimbo limezikalia mpaka leo.

Shajara hii haisomwi na mtu, basi niseme. Tulikubaliana pesa hizo ziwe nauli ya Marlys kwenda Tucson, kwa binti yetu Trudy, mtoto akizaliwa. Mjukuu wa kwanza. Mimi nikampa anayetujazia fomu za kodi namba ya akaunti yangu ya uvuvi, ambayo Marlys hajawahi kuisikia. Marlys husoma kila neno kabla ya kutia sahihi, lakini namba za benki hakuna binadamu anayezikariri. Pesa zikaingia. Nikanunua kibanda cha kuvulia juu ya ziwa likiganda.

Si kibanda ovyo! Cha alumini, chenye jiko la gesi, kiti cha kuzunguka na tundu la sakafuni la kuchungulia maji chini ya barafu. Marlys anadhani ni cha mwenzangu wa kiwandani aliyeniazima. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya barafu kila Februari na mkuki mkononi, nikimngojea stajoni, samaki mkubwa wa ziwa letu, na sijamchoma hata mmoja. Shemeji yangu Del, kaka yake Marlys, alimchoma wa ratili 94. Picha yake imetundikwa baa, juu ya kaunta, mkabala na kiti changu. Nani angevumilia?

Kulikuwa na jambo moja dogo chini ya karatasi. Nakala ya taarifa hii, wameandika, imepelekwa pia kwa serikali kuu. Rejesho huenda likatozwa kodi huko.

Sasa ndiyo nimebanwa. Nikilitangaza kwenye ritani yetu, ile hesabu ya kodi ya kila mwaka ya serikali kuu, Marlys ataliona, maana ritani yetu ni moja na wote tunaitia sahihi. Nisipolitangaza, Washington wanalijua tayari. Jela kulia, Marlys kushoto. Nimeiweka barua ndani ya buti la uvuvi nifikirie.


Alhamisi, 30 Januari

Marlys kaniuliza tena habari za jimbo. Mtoto ana wiki tisa sasa, ameanza kucheka, na ubatizo ni Machi. Kasema kama mimi nimeshindwa kuwabana, atawapigia simu mwenyewe.

Nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Nikamwambia simu za serikali ni kazi ya mwanamume. Nikachukua simu pale pale jikoni mbele yake, nikapiga namba ya duka la chambo, ile inayosoma unene wa barafu kwa sauti iliyorekodiwa. Nikafoka. Nikauliza pesa za mke wangu ziko wapi. Sauti ikasema inchi kumi na nne upande wa mashariki, tahadhari karibu na mto. Nikasema hilo si jibu! Nikataka kuongea na mkubwa wao. Ikasema inchi kumi na sita mbele ya bustani.

Nilipokata simu, Marlys alikuwa ananitazama kwa macho laini. Kasema hajawahi kuniona nikimpigania hivyo tangu tuoane. Kanipikia nyama ya nguruwe na kabichi. Nilikula sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa na uchungu kidogo wa dhamiri, ya pili haikuwa nao.

Faida nyingine: sasa najua mahali pa kuweka kibanda.


Jumamosi, 1 Februari

Nimepata dawa. Ritani nitaijaza mimi.

Kila mwaka hujazwa na Del. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu, na siku hizi kila Jumamosi hukaa maktaba akiwajazia watu ritani bila malipo, na beji kifuani yenye jina lake. Anaipenda beji hiyo. Nimemwona nayo kanisani.

Nilimpigia kumweleza kwamba mwaka huu hatutamsumbua. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, “Shemeji, wewe? Wewe uliyeandika jina la mbwa kwenye mstari wa wategemezi?” Nikamwambia yule mbwa alikuwa anatutegemea kuliko Trudy. Akasema Jumamosi yoyote nikikwama niende tu, hatanicheka. Alikuwa bado anacheka.

Nimechukua fomu za karatasi na kijitabu cha maelezo. Kurasa mia moja na kitu. Nimesoma mbili. Ya pili ilikuwa orodha ya yaliyomo.


Jumanne, 4 Februari

Nimekwama. Lakini kwa Del siendi ng'o!

Nilimwambia Marlys naenda kununua gesi ya jiko. Nikaendesha gari maili ishirini hadi mji wa pili, ambako wana wasaidizi wao wa kodi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Nilivaa kofia ya masikio niliyoishusha hadi kwenye nyusi. Nikajiandikisha kwa jina langu la kweli, kwa sababu kwenye mambo ya serikali sisemi uongo.

Nilipewa bibi mmoja anaitwa Ardis. Umri wake themanini na ushei, macho kama ya kunguru. Alikuwa anafuma soksi na kujaza kodi kwa zamu. Nikatoa ile karatasi. Akaniuliza swali moja tu: mwaka juzi, kwenye ritani ya serikali kuu, nilichukua makato ya mkupuo, yale anayopewa kila mtu bila kuulizwa, au niliorodhesha makato yangu moja moja?

Sikujua. Ritani ya mwaka juzi ilijazwa na Del, mimi nilitia sahihi tu. Lakini meza ya jirani alikaa bwana mmoja mwenye koti la sufu na saa ya dhahabu, na yeye alikuwa ametoka kusema kwamba huorodhesha, miaka yote huorodhesha, riba ya nyumba, misaada, kodi ya jimbo. Alilisema vizuri sana. Nami nikasema mimi pia huorodhesha. Kisha nikaongeza kwamba kwetu ni mila ya ukoo.

Ardis akaweka soksi chini. Basi, akasema, rejesho lako ni mapato. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto: ulipoorodhesha kodi ya jimbo, serikali kuu ilikupunguzia kodi yake kwa sababu ya pesa uliyotoa. Sasa jimbo limekurudishia sehemu ya pesa hiyo. Kwa hiyo ulipunguziwa kwa kitu ambacho hatimaye hukukitoa. Lazima uitangaze. Akanionyesha mstari wake kwa ncha ya sindano ya kufumia. Kodi yake, akasema, kama dola mia na kumi.

Nikauliza kama mtu akisahau kwa bahati mbaya. Akasema mashine zao hulinganisha karatasi, hazijui habari ya bahati mbaya. Akasema nimlete mke wangu, lazima tutie sahihi wote wawili.

Nikaaga haraka. Akaniambia kwa sauti ya ukumbi mzima: “Baba, hicho kifua mbele kitakugharimu. Nenda kasome makaratasi yako.” Bwana wa saa ya dhahabu aligeuka kunitazama.

Kurudi nyumbani, Marlys kauliza gesi iko wapi. Nikasema imekwisha duka zima. Uongo juu ya uongo. Nimechoka.


Jumamosi, 8 Februari

Siku ya kwanza ya msimu! Siku kumi na sita tu kwa mwaka, asubuhi hadi saa saba mchana. Kibanda changu kimekaa mbele ya bustani, inchi kumi na sita, sawasawa na walivyosema jimbo.

Barua nilikuwa nayo mfukoni. Nyumbani hakuna mahali salama tena. Jana Marlys alisafisha buti.

Nieleze mambo yalivyokuwa, kwa sababu watu watauliza. Ndani ya kibanda ni giza, ili uone chini. Shimo la barafuni ni kubwa kama meza ya jikoni, maji ya kijani, wavu mweupe wa plastiki chini kabisa ili samaki akipita juu yake aonekane, na samaki wa mbao wa kumvutia stajoni anazunguka kwenye kamba. Unakaa. Unatazama. Husomi. Kila mvuvi anajua kwamba husomi.

Mimi nikasoma. Saa nne na robo nilitoa ile karatasi kutazama kama labda nilikosea tarakimu na ni dola 9 na senti 12. Vidole vilikuwa na ganzi. Ikaniponyoka. Ikatua juu ya maji katikati ya shimo, ikaanza kuzama polepole kama jani.

Na hapo hapo akapita. Chini ya karatasi. Naapa. Mrefu kuliko mlango wa nyumba yangu, mgongo wenye magamba ya mifupa, wala hana haraka, amesimama kabisa kumtazama samaki wa mbao. Miaka kumi na tisa! Nilikuwa nimeshika mkuki. Karatasi ilikuwa inazama, na juu yake jina langu, jina la Marlys na ushahidi wote. Mkondo ungeipeleka kwenye shimo la nani? Vibanda elfu moja juu ya ziwa hili, na kimoja kina Del ndani yake.

Nikachoma karatasi.

Stajoni akapiga mkia mara moja, akaenda zake. Nikavuta mkuki juu. Kwenye meno matano ya mkuki ilining'inia taarifa ya rejesho la kodi la jimbo, imetobolewa matundu matano, safi kabisa. Mchomo mzuri kuliko wowote niliowahi kuchoma maishani.

Nililia kidogo. Jiko la gesi lilikausha barua na machozi kwa pamoja.

Njiani kurudi nilikutana na Del akivuta kibanda chake kikuukuu cha mbao. Akauliza kama nimeona kitu. Nikasema sikuona kitu. Akasema, “Vumilia, shemeji, mwaka wa ishirini una baraka.” Alisema kwa wema. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Del, wema wake.


Jumatano, 12 Februari

Nimemaliza kujaza ritani kwa mkono wangu. Siku nne. Mistari mingine nimeiacha wazi kwa heshima. Lakini zile 912 nimeziandika kwenye mstari alionionyesha Ardis, kwa tarakimu ndogo mno, ndogo kama mbegu za ufuta. Washington wataziona kwa sababu wana mashine. Marlys hataziona kwa sababu miwani yake ya kusomea nimeificha kwenye kabati la mashuka.

Imebaki sahihi yake tu. Ijumaa, baa, chakula cha samaki. Kila Ijumaa mji mzima uko pale kwa samaki wa kukaanga na mkate wa shayiri, na Marlys ndiye mwenye daftari la bahati nasibu ya nyama, zawadi bekoni na soseji. Huandikisha watu sitini na kutia sahihi kila ukurasa. Nitaichomeka ritani katikati. Atatia sahihi kama mashine.

Wakati mwingine najiogopa kwa akili niliyo nayo.


Ijumaa, 14 Februari

Maji yamenifika shingoni.

Marlys alikuwa na miwani ya akiba. Kumbe ipo mkobani tangu 2016! Halafu nilisahau kwamba alikuwa katibu wa shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo watoto elfu moja walijaribu kumchomekea karatasi katikati ya daftari. Alisimama kwenye ukurasa wa tatu. Akasoma. Kelele zote zile, watu wanaitisha brandi, yeye anasoma. Nilimwona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Kikafika. Kikasimama.

Nilishika kaunta kwa mikono miwili.

Akainua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akasema, “Orville! Zimekuja! Umewabana mpaka wamelipa, na ukataka kunishtukiza siku ya wapendanao!”

Ningeweza kusema ukweli pale. Nafasi ilikuwepo, kubwa tu, ya kupitisha lori. Lakini alinikumbatia mbele ya watu wote, watu wakapiga makofi, mwenye baa akaniletea kinywaji cha bure. Mtu anawezaje kukatisha makofi?

Kabla samaki hawajafika mezani alishampigia Trudy. Kabla hawajaliwa alishanunua tiketi ya ndege kwa kadi ya mkopo, dola 588, anaondoka Jumanne. Akaniwekea simu sikioni nisikie mtoto anavyokoroma. Nola, jina lake. Anakoroma kama mimi. Nilijisikia mnyonge kuliko mtu yeyote katika jimbo hili.

Kwenye akaunti ya uvuvi kuna dola 31.

Kisha Marlys akasema, kwa upole, kwamba mwandiko wangu hausomeki na mistari mingine iko wazi. Del atatujazia upya. Amekwisha ongea naye. Kesho saa nne, maktaba.


Jumamosi, 15 Februari

Niandike haraka kabla sijapata tafsiri nyingine ya mambo.

Meza ya Del iko kati ya vitabu vya watoto na mashine ya nakala. Beji kifuani. Marlys kavaa sweta yake nzuri. Del alipiga chapa mshahara wangu, pensheni ya Marlys, riba ya senti kumi na nane. Akauliza kama kuna kingine, akaeleza kama anavyowaeleza wote kwamba tukitia sahihi tunaapa, na kiapo cha uongo kina adhabu. Alikuwa anasoma tu kutoka kwenye kadi yake. Lakini mimi nilisikia malango ya chuma yakifungwa.

Marlys akasema kuna rejesho la jimbo. Lile la mwaka jana, ambalo Orville amelipigania hadi likaja. Del akanyoosha mkono kupokea karatasi.

Nikaitoa. Imekunjamana, inanuka ziwa, na matundu matano. Del akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasoma. Akasema, lakini hizi zililipwa Mei.

Basi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake, kiti cha plastiki chini ya makalio. Nikasema yote. Akaunti ya uvuvi, kibanda, simu ya duka la chambo, buti, Ardis, stajoni. Nikasema siwezi kuapa uongo kwa serikali kuu, na kwamba zile 912 ni mapato na ninayatangaza, wanifunge wakitaka. Nilisimama niliposema hivyo. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kutoka kwenye rafu za jirani.

Marlys aliuinamia mkoba wake. Aliukunjakunja mkanda wake.

Del ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amefungua ritani yetu ya mwaka juzi. Kasema mwaka juzi tulichukua makato ya mkupuo. Tumechukua mkupuo kila mwaka tangu anijue. Sijawahi kuorodhesha hata senti. Kwa hiyo jimbo liliponirudishia, ilikuwa ni pesa yetu wenyewe imerudi nyumbani, serikali kuu haikutupunguzia chochote kwa ajili yake na haina haja nayo. Si mapato. Haiandikwi popote. Akaigeuza ile karatasi. Upande wa nyuma, kati ya tundu la pili na la tatu, yameandikwa maneno hayo hayo, kwa herufi za kawaida kabisa.

“Hukugeuza, shemeji?” akaniuliza.

Nani husoma upande wa nyuma? Nilimtazama Marlys, na jibu nilikuwa nimelioa.

Kwa hiyo ningeweza kuichoma moto Januari, na hakuna ambaye angejua. Hakuna! Nimejikamata mwenyewe, nikajishtaki, nikajihukumu, kwa kosa ambalo halipo. Nilisema hayo kwa sauti. Nilikosea kuyasema kwa sauti.

Marlys akageuka. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema, “Halipo? Mtoto ana wiki kumi na moja, Orville. Kila Jumapili natazama picha zake kwenye simu na kujiambia, subiri, serikali ni ya polepole, mume wangu anahangaika. Nilikuwa nakuonea huruma wewe.”

Del akaanza kupanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mimi nilitazama zulia. Lina picha za bata. Nilitamani Washington waje wanichukue.

Akasema kibanda kiuzwe leo. Si kesho. Nikasema nani atanunua kibanda katikati ya msimu. Del akakohoa. Akasema cha kwake kinavuja, na angeweza kutoa mia sita.

Mia sita! Nilikinunua mia tisa! Nikafungua mdomo. Marlys akanitazama. Nikaufunga.


Jumatano, 19 Februari

Marlys kaondoka jana. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Maili tisini, redio peke yake. Mlangoni alinipa orodha ya vyakula vilivyo kwenye friza, kila kimoja na tarehe yake. Hakunibusu, ila alinifunga kifungo cha juu cha koti. Nimekuwa nikikifikiria kifungo hicho tangu jana.

Leo mchana honi zikalia ziwani. Del kapata stajoni. Ratili 121. Kutoka kwenye kibanda changu, kupitia shimo langu, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kuzunguka. Alikuwa amekaa dakika arobaini!

Kanipigia nikamsaidie kumbeba. Nilikwenda. Kwenye kituo cha kumpimia samaki watu walijaa, wanapeana mikono, wanapiga picha. Mimi nilishika mkia. Del aliwaambia wote kwamba mahali pale nilipachagua mimi, na nusu ya sifa ni yangu. Watu wakaitikia kwa adabu. Nilitazama jicho la yule samaki na nina hakika tulifahamiana.

Mwenye baa keshateremsha picha ya zamani na kutundika mpya. Ni kubwa zaidi. Kiwiko changu kinaonekana.


Jumapili, 9 Machi

Ubatizo ulikuwa leo. Marlys alinionyesha yote kwa simu ya video, mimi nikiwa mezani jikoni na tai shingoni. Nola alivaa gauni alilobatiziwa Trudy. Maji yalipomgusa alipiga kelele hadi simu ikakoroma. Nililia waziwazi na sikujificha, hakukuwa na mtu wa kujifichia.

Baadaye Marlys alitoka nje na simu, kwenye jua. Alikuwa na rangi nzuri usoni. Nikamwambia nimekuwa mjinga. Nikamwambia pesa ile ilikuwa ya mtoto kumwona bibi yake, na mimi niliigeuza kuwa jiko la gesi. Nikaapa sitamficha kitu tena, hata senti, hata barua. Nilimaanisha kila neno. Marlys akasema sawa, mzee. Anarudi baada ya Pasaka. Akasema nipunguze chumvi. Nilifurahi siku nzima.

Nimewaza mengi peke yangu wiki hizi, na Del, bila kujua, amenifumbua macho. Rejesho la jimbo kwa mtu wa mkupuo haliandikwi popote. Del kaapa mwenyewe! Basi kesho nitapita ofisi ya mishahara nijaze ile fomu, wanikate dola thelathini zaidi za kodi ya jimbo kila malipo ya wiki mbili. Marlys ataona mshahara umepungua, nitamwambia ni bima imepanda. Mwaka ujao jimbo litanirudishia zote kwa mkupuo, kama mia sita na thelathini, na Washington hawana la kusema. Nimeshafungua akaunti mpya. Barua ya Januari itakwenda kwenye sanduku la posta nililokodi jana, ufunguo namba 40. Del nitamwambia ni zawadi ya kumshtukiza dada yake, naye ana moyo mwema, atanyamaza. Kuna kibanda kimoja nimekiona gazetini, kina madirisha na kitanda cha kukunja.

Kabla ya kukata simu Marlys alisema ameanza kuniamini tena. Imenigusa sana. Bila hilo mpango huu usingewezekana.